Tundu Liko Wapi? Vidokezo vya kujifua na maswali ya hoja kwa wakazi wa Minneapolis na Saint Paul

Shule ya biashara ya Carlson na kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Minnesota viko ukingo wa magharibi wa mto Mississippi, mwendo wa miguu tu kutoka maghorofa ya Riverside Plaza, ambako Waafrika Mashariki wengi walianzia maisha yao ya Minneapolis. Katikati ya safari hiyo fupi kuna kizingiti kinachoitwa GMAT kwa watu wa biashara na LSAT kwa watu wa sheria. Ndani ya mitihani yote miwili kuna swali la aina moja linalowatoa jasho hata waliozoea kupata alama nzuri: unapewa hoja fupi ya mistari mitano au sita, kisha unaulizwa ina udhaifu gani, inategemea nini, au kipi kingeipa nguvu. Majibu ni matano, na yote yanapendeza.

Vidokezo hivi ni vya yule anayetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee kule Brooklyn Park, anaoga, anakunywa chai, kisha anafungua kitabu. Muda wake ni mchache, kwa hiyo tusizunguke.

1. Hakikisha kwanza kwamba mtihani unatakiwa

Programu nyingi za MBA siku hizi humsamehe mtihani mwombaji mwenye uzoefu wa kazi au shahada nyingine ya juu. Iandikie barua pepe ofisi ya udahili kabla hujalipa ada. Upande wa sheria, miji hii ina vitivo vitatu: cha Chuo Kikuu cha Minnesota, cha St. Thomas, na Mitchell Hamline, kilichozaliwa mwaka 2015 vyuo viwili vya sheria vilipoungana. Huko LSAT bado ndiyo njia iliyozoeleka.

Na ukijisajili, andika majina yako kama yalivyo kwenye pasi. Sisi wenye majina matatu, moja la ubatizo, moja la baba na moja la ukoo, tuna tabia ya kuyapanga tunavyojisikia siku hiyo. Mlangoni pa chumba cha mtihani hawana ucheshi wa jambo hilo.

2. Kitabu cha mitumba si kibaya, ila kijue

GMAT ilibadilika Novemba 2023. Sehemu ya kusahihisha sentensi iliondolewa, na mtihani wote sasa ni maswali 64 kwa saa mbili na robo. Sehemu ya lugha ina maswali 23 kwa dakika 45, na ndani yake mna ufahamu na maswali ya hoja tu. LSAT nayo, tangu Agosti 2024, imeachana na yale mafumbo ya kupanga watu kwenye viti. Sasa sehemu zenye alama ni mbili za hoja na moja ya ufahamu, na kila moja hupewa dakika 35. Ipo pia sehemu ya nne isiyohesabiwa, lakini hutaambiwa ni ipi. Kwa maneno mengine, uzito wa maswali ya hoja umeongezeka kwenye mitihani yote miwili.

Kwa hiyo ukiokota kitabu rasmi cha GMAT cha mwaka 2018 kwa dola chache, ruka kurasa za kusahihisha sentensi na uzitumie zile za hoja bila wasiwasi. Maswali hayo hayajachuja. Ninachokukataza ni kufanya mazoezi kwa maswali ya kubahatisha yaliyotungwa na mtu yeyote mwenye kompyuta. Kutunga jibu sahihi ni rahisi. Kazi iko kwenye kutunga majibu manne mabaya yanayoshawishi, na hapo ndipo watungaji wa kienyeji huanguka. Tovuti ya mba.com inatoa majaribio mawili rasmi bila malipo. Yahifadhi. Usiyamalize wiki ya kwanza kwa pupa.

3. Uliza: huyu anataka niamini nini?

Hitimisho halikai mwishoni kila mara. Linaweza kuwa sentensi ya kwanza, au kujificha katikati, huku mwisho pakiwa na takwimu ya kukupoteza. Maneno kama "kwa hiyo" husaidia yakiwepo. Yasipokuwepo, chukua kila sentensi uiulize "kwa nini?" Ile inayojibiwa na sentensi nyingine ndiyo hitimisho, zinazojibu ni ushahidi.

Jaribu hii niliyoitunga:

Mwenye mgahawa mmoja Brooklyn Park alichapisha menyu ya Kiswahili mwezi Mei. Mauzo ya Juni yalikuwa makubwa kuliko ya Aprili. Kwa hiyo menyu ya Kiswahili ndiyo iliyowavuta wateja.

Lipi kati ya haya, likiwa kweli, linaidhoofisha hoja zaidi?

A. Baadhi ya wateja wa mgahawa huo hawajui Kiswahili.
B. Gharama ya kuchapisha menyu ilizidi makadirio ya mwenye mgahawa.
C. Migahawa mingine ya mtaa huo, ambayo haikubadili menyu, iliuza zaidi mwezi Juni kwa kiwango kilekile.
D. Wateja wengi wapya wa Juni walisema walikuja kwa sababu walisikia habari za menyu.
E. Menyu mpya ina vyakula vilevile na bei zilezile kama ya zamani.

Jibu ni C. Kila anayeishi hapa anajua kwamba Aprili ya Minnesota inaweza kumwaga theluji na Juni ni watu kujaa nje, lakini usiitegemee elimu hiyo. C inakupa kazi ikiwa imekwisha fanywa. Kama mtaa mzima ulipanda, menyu haina la kujivunia.

Sasa tazama mitego. A ni kweli isiyouma: hata nusu ya wateja wasipojua Kiswahili, nusu nyingine huenda ndiyo iliyojaza viti. B imehamia kwenye faida, wakati hoja ilikuwa ya wateja. Mtego huu ndio unaopendwa sana na watungaji, yaani kitu kilicho jirani na mada lakini si mada yenyewe. D inaiimarisha hoja, na utashangaa ni wangapi huichagua kwa kusahau njiani kwamba waliulizwa kudhoofisha. E ndiyo yenye hila kuliko zote. Inasikika kama lawama ("mbona hakubadilisha kitu?"), kumbe inaisaidia hoja: ikiwa chakula na bei havikubadilika, basi angalau hivyo viwili si chanzo cha ongezeko.

Ukiweza kueleza hivyo majibu yote matano ya swali moja, umejifunza kuliko aliyekimbia maswali ishirini akitia vema na kosa.

4. Pakitajwa sababu, simama

Sehemu kubwa ya hoja za mitihani hii ni za sababu na matokeo. Jambo hili lilitokea, kisha lile, basi hili ndilo lililoleta lile. Maswali ya kujiuliza ni matatu. Je, kuna sababu nyingine? Je, huenda mambo yamegeuzwa, matokeo yakaitwa sababu? Je, ilikuwa sadfa tu?

Mji huu una somo lake la sababu, na ni zito. Jioni ya tarehe 1 Agosti 2007, daraja la barabara kuu ya 35W liliporomokea mtoni likiwa limejaa magari. Watu 13 walikufa na 145 wakajeruhiwa. Lilikuwa daraja la mwaka 1967, na kwa miaka mingi wakaguzi walikuwa wameliorodhesha miongoni mwa madaraja yenye kasoro. Hoja ya haraka ilijitunga yenyewe: daraja ni kuukuu, lina kutu, kwa hiyo kutu ndiyo iliyoliua.

Bodi ya kuchunguza ajali za usafiri, NTSB, ilipomaliza kazi yake mwaka uliofuata, ilielekeza kidole kwingine. Vibao vya chuma vilivyounganisha mihimili kwenye baadhi ya makutano vilikuwa na unene wa nusu inchi, wakati hesabu sahihi zingedai karibu inchi nzima. Kosa lilikuwa kwenye michoro ya miaka ya 1960, kabla kutu haijaanza kula chochote. Kutu ilikuwepo kweli. Kilichokosekana ni uzi wa kuiunganisha na anguko.

Hapo mtungaji wa mtihani angesugua viganja, kwa sababu swali la pili liko palepale. Kama vibao vilikuwa vyembamba tangu mwanzo, mbona daraja lilisimama miaka 40? Hili ni swali la kueleza mgongano. Jibu lake halikanushi upande wowote. Linaleta jambo la tatu linaloruhusu pande zote mbili ziwe kweli. Uzito wa daraja uliongezeka miaka ilivyokwenda, kwa matengenezo yaliyozidisha zege, na siku ile ya Agosti mitambo na malundo ya mchanga na kokoto za ujenzi yalikuwa juu yake. Ukikutana na swali la namna hii, likatae jibu lolote linaloeleza upande mmoja tu.

Kama unapenda kujifunza kwa miguu, shuka hadi Mill City Museum, kando ya maporomoko ya St. Anthony. Ni magofu ya kinu cha unga cha Washburn A, kilichojengwa upya baada ya kile cha kwanza kulipuka tarehe 2 Mei 1878 na kuua watu 18. Nani angeamini kwamba unga unaweza kulipua jengo la mawe? Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Minnesota walifanya majaribio, wakaonyesha kwamba vumbi la unga likielea hewani na kukutana na moto hulipuka. Hivyo ndivyo hoja ya sababu inavyoimarishwa: kwa kuonyesha njia ambayo sababu ilipita hadi kufika kwenye matokeo.

5. Ikanushe dhana uone kama hoja inasimama

Juma huchelewa darasani. Amehamia karibu na kituo cha treni ya Green Line, inayounganisha katikati ya Minneapolis na katikati ya Saint Paul. Kwa hiyo Juma hatachelewa tena.

Dhana iliyofichika ni ipi? Chukua jibu unalolishuku, likanushe, kisha urudi kwenye hoja. "Kuchelewa kwa Juma kulitokana na usafiri." Likanushe: kuchelewa kwa Juma hakukutokana na usafiri, hulala kupita kiasi akitoka zamu. Hoja imeanguka chali. Basi hiyo ndiyo dhana. Jaribu na nyingine: "Green Line ndiyo njia ya haraka kuliko zote kutoka kwa Juma hadi chuoni." Ikanushe: ipo njia ya haraka zaidi. Hoja bado imesimama, kwa kuwa Juma hahitaji kuwahi kuliko watu wote, anahitaji kutochelewa tu.

Mbinu hii inafaa kwa maswali ya dhana peke yake. Watu huipeleka hadi kwenye maswali ya kudhoofisha na kuimarisha, wakajichanganya bure.

6. Muuguzi, acha koti lako mlangoni

Hili nawaambia hasa dada na kaka zangu wa hospitalini. Hoja ikisema dawa fulani hupunguza shinikizo la damu kwa wagonjwa wote waliopewa, ikubali, hata kama miaka yako yote ya wodini inapiga kelele. Ushahidi ulioandikwa hauhojiwi. Kinachohojiwa ni ile hatua ya kuruka kutoka kwenye ushahidi hadi kwenye hitimisho. Mjuzi wa mada hupata shida kuliko mgeni, kwa sababu tundu lililo kati ya hivyo viwili huliziba kwa elimu yake bila kujua kwamba ameliziba. Mhasibu huliziba kwenye maswali ya kodi, mwalimu kwenye maswali ya shule.

7. Maneno makali yana mahali pake

Utasikia ushauri kwamba jibu lenye "wote", "kamwe" au "pekee" likatwe mara moja. Ushauri huo ni nusu. Ukiulizwa ni lipi linalofuata kutokana na maelezo, ndiyo, neno kali ni la kushukiwa, maana maelezo yaliyosema "baadhi" hayawezi kuzaa "wote". Lakini ukiulizwa ni lipi, likiwa kweli, linaloidhoofisha au kuiimarisha hoja, kali ndilo zuri. Umekwisha ambiwa "likiwa kweli"; kwa nini uchague fimbo nyembamba?

Na "pekee" ina mtego wake. Wenye leseni pekee ndio wanaoruhusiwa kuendesha basi la abiria. Je, kila mwenye leseni anaruhusiwa? Hapana. Ukiona sentensi ya hivyo, andika pembeni mshale mmoja, kutoka kwa dereva kwenda kwa leseni, na usiugeuze.

8. Methali ziache nyumbani siku hiyo

Tumelelewa kubishana kwa methali, na methali hushinda barazani. Kwenye mtihani ni hasara tupu. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza" ni kosa la kupima kundi zima kwa mfano mmoja. "Lisemwalo lipo, kama halipo laja" ni hoja isiyoweza kushindwa na ushahidi wowote duniani, na hoja ya namna hiyo haina thamani. "Dalili ya mvua ni mawingu" inavumilika kidogo, maana imesema dalili, haikusema mvua. Kama zoezi la jioni, chukua methali kumi uzipendazo na uandike kila moja ingepigwa wapi. Ni zoezi la kufurahisha, na bibi yako hatajua.

9. Daftari la makosa liwe la aibu kidogo

Kuandika "nilikosa swali la 14, jibu lilikuwa C" ni kupoteza wino. Andika kilichokuvuta kwenye jibu baya. "Nilipenda D kwa sababu ilitaja neno lililokuwa kwenye hoja." "Nilisahau swali lilikuwa la kuimarisha." "Niliingiza mambo ya kazini kwangu." Baada ya wiki chache utaona makosa yako hayako ishirini. Yako mawili au matatu, yanabadilisha nguo tu. Swali ulilokosa lirudie baada ya siku kadhaa, umelisahau jibu lakini si mada, na ueleze kwa sauti kwa nini mengine manne ni mabaya.

10. Saa ije baadaye

Hesabu ya GMAT upande wa lugha ni chini kidogo ya dakika mbili kwa swali. Ya LSAT ni kali zaidi, dakika moja na nusu hivi. Lakini anayejipima kwa saa tangu siku ya kwanza hujifunza kukosea haraka. Anza bila saa, hadi uweze kueleza kila jibu. Ndipo uweke saa.

Fahamu pia kanuni za kila mtihani. GMAT hairuhusu kuruka swali ukaliacha wazi, ila mwisho wa kila sehemu unaweza kurudi na kubadili majibu hadi matatu, muda ukibaki. LSAT haikati alama kwa jibu baya, kwa hiyo usiache chochote kitupu.

11. Tafuta wa kubishana naye, kwa Kiswahili

Maktaba kuu ya Minneapolis iko Nicollet Mall, na ya Saint Paul, inayoitwa George Latimer, inatazamana na bustani ya Rice Park. Zote hazidai kitu na Januari zina joto. Kaeni wawili. Mmoja asome hoja ya Kiingereza kimoyomoyo, kisha aifunge na amsimulie mwenzake kwa Kiswahili cha kawaida, kama anamsimulia shangazi kwenye simu. Akikwama, hakuielewa, alikuwa anayatambua maneno tu.

Mkichoka na vitabu, chukueni hoja za mjini zenyewe. Hii hapa. Minneapolis ilipitisha mpango wake wa 2040 mnamo Desemba 2018, ikaruhusu hadi nyumba tatu kwenye viwanja ambavyo zamani vilitengewa familia moja. Kwa mujibu wa uchambuzi wa taasisi ya Pew, kati ya 2017 na 2022 kodi za nyumba mjini hapo zilipanda kwa asilimia 1, wakati sehemu nyingine za Minnesota zilipanda kwa asilimia 14. Kwa hiyo, husema wengi, kuruhusu nyumba tatu kwa kiwanja kumeshusha kasi ya kupanda kwa kodi. Ng'ambo ya mto, wapigakura wa Saint Paul waliamua Novemba 2021 kwamba kodi isipande zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka. Maombi ya vibali vya ujenzi yakapungua, na Septemba 2022 baraza la mji likayasamehe majengo mapya kwa miaka 20. Kwa hiyo, husema wengine, kikomo hicho ndicho kilichowafukuza wajenzi.

Mmoja aitetee hoja ya kwanza, mwingine aibomoe. Anayebomoa aanze na tarehe: takwimu zinaanzia 2017, na sheria ya nyumba tatu ilianza kutumika 2020. Kisha aulize nyumba mpya zilijengwa wapi hasa, kwenye viwanja vidogo vya mitaani au kwenye maghorofa ya kando ya barabara kubwa, ambako kanuni nyingine, pamoja na zile za maegesho ya magari, zililegezwa pia. Anayetetea atafute ushahidi gani ungemwokoa. Baada ya dakika kumi badilishaneni pande na mhamie Saint Paul, ambako swali la kwanza ni kama vibali vilipungua pia kwenye miji jirani isiyokuwa na kikomo chochote.